Siku Nane za Miji Dada: Kutoka Barua ya Mwaliko hadi Meza ya Kusaini

Msafara unaofuatwa hapa ni wa watu 12 na siku nane, kipimo cha kawaida kwa miji miwili ya nchi tofauti inayotaka kufunga undugu. Wamo meya, diwani mmoja, mratibu wa uhusiano, ofisa wa zimamoto, ofisa wa taka, mwalimu, wanamuziki watano na mkalimani. Uwiano huo si wa bahati. Ukiona orodha yenye madiwani tisa na fundi mmoja, hiyo ni ziara ya picha, na itaishia kwenye picha.

Siku ya 90 kabla ya kuondoka

Kazi ya kwanza ni barua ya mwaliko, na barua nyingi huja na salamu tele na taarifa haba. Ofisa wa ubalozi hatafuti salamu. Anatafuta jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, cheo, tarehe ya kuingia na kutoka, anwani ya malazi, na sentensi moja inayosema nani analipa nini. Mgawanyo uliozoeleka ni huu: mgeni hujilipia nauli na bima, mwenyeji hubeba malazi, chakula na usafiri wa ndani, zamu ikigeuka, gharama nazo zinageuka. Lisipoandikwa mapema, ugomvi wake huzuka usiku hotelini, mbele ya mhudumu wa mapokezi.

Kwa eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Uamuzi huchukua siku 15, lakini faili lenye maswali linaweza kukaa hadi siku 45. Bima ya matibabu iwe ya angalau yuro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka. Hizo siku 45 ndizo zinazofanya kazi ianze siku ya 90 na si siku ya 30.

Wanamuziki wawekwe fungu lao. Nchi nyingi humtofautisha mgeni wa hafla na msanii anayelipwa. Marekani ina viza ya P-3 kwa wasanii wa utamaduni mahususi, nayo huanza kwa ombi la mwenyeji kwa idara ya uhamiaji ya huko, kabla msanii mwenyewe hajagusa fomu. Anayedhani viza ya matembezi itatosha kwa onyesho la malipo huujua ukweli akiwa dirishani, na tiketi ya ndege imeshakatwa.

Siku ya 45 kabla

Leo ni ala za muziki na zawadi. Ala zinazokwenda na kurudi husafiri vizuri kwa hati ya forodha iitwayo ATA Carnet, iliyotokana na mkataba wa 1961. Hudumu mwaka mmoja, na huondoa ulazima wa kulipa au kuweka dhamana ya ushuru katika kila mpaka. Ndani yake kila kifaa kina mstari wake: namba, maelezo, idadi, uzito, thamani. Kosa linalojirudia ni kupita forodha ya nyumbani bila kugongewa mhuri wa kutoka, kwa kuwa foleni ni ndefu na ndege inaita. Siku ya kurudi, ngoma zilezile huonekana ni bidhaa mpya zinazoingizwa nchini. Zawadi zisiingizwe kwenye hati hiyo, kwa kuwa hazirudi. Si nchi zote zimo katika mfumo huu. Ambako haumo, orodha ya vifaa yenye picha na namba, iliyogongwa mhuri wa forodha kabla ya kutoka, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Mbao nazo zina sheria zake. Karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodai kibali kwa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kuanzia 2 Januari 2017. Klarineti na obo nyingi duniani zimechongwa kwa mpingo, kwa hiyo bendi zilihangaika karibu miaka mitatu, mpaka 26 Novemba 2019 ulipoanza msamaha kwa ala za muziki zilizokamilika. Bidhaa nyingine zilizokamilika husamehewa ikiwa mbao hiyo haizidi kilo 10 kwa shehena. Sanamu moja kubwa ya zawadi inaweza kuvuka hapo peke yake, nayo itadai kibali. Ngoma yenye ngozi iliyobaki na manyoya ni kisa kingine: wakaguzi wa mifugo huikamata kwa hofu ya magonjwa, na hawaangalii mwaliko umesainiwa na nani. Zipelekwe ngoma za ngozi iliyosafishwa na kukaushwa vizuri, na masharti ya nchi husika yaulizwe kwa maandishi.

Siku ya 7 kabla

Ratiba inafungwa. Iandikwe kwa mfumo wa saa 24, na mwezi uandikwe kwa jina. Tarehe 03/04 ni Aprili kwa wengi na ni Machi kwa Mmarekani. Na sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tuna mtego wetu: "saa tatu asubuhi" ikitafsiriwa neno kwa neno inakuwa 03:00, na dereva wa mwenyeji atafika hotelini alfajiri kweupe hakujakaribia. Kama safari inaangukia Jumapili ya mwisho ya Machi au ya Oktoba, Ulaya hubadilisha saa siku hiyo. Tofauti iliyokuwa ya saa mbili huwa moja, au kinyume chake.

Hotuba zote zimfikie mkalimani leo, pamoja na orodha ya vyeo. Cheo cha meya ndicho kinacholeta mkanganyiko mkubwa. Miji mingi ya Uingereza ina meya wa heshima anayekaa mwaka mmoja, na kazi yake ni kuongoza vikao na kuvaa mkufu. Oberbürgermeister wa Ujerumani ni mkuu wa utawala wa mji. Kwingine meya huongoza baraza, lakini aliyeshika fedha na watumishi ni mkurugenzi. Msafara ukijua mapema nani anaweza kusaini na nani anaweza kulipa, hautapoteza siku mbili ukimbembeleza mtu asiye na kalamu.

Siku ya 1: Kuwasili

Watu 12 wanatua na mizigo 29. Inahesabiwa mizigo, si watu tu, tena mara tatu: kwenye mkanda, mlangoni, na ndani ya basi. Betri za akiba za kamera na vipaza sauti zilisafiri kwenye mabegi ya mkononi. Haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, na zile zinazozidi wati-saa 100 zinahitaji idhini ya shirika la ndege.

Mapokezi ya uwanjani yachukue dakika 10. Salamu, majina, maji ya kunywa, basi. Mwili uliovuka kanda sita au saba za saa huhitaji siku kadhaa kuzoea, na kwenda mashariki humchosha mtu kuliko kwenda magharibi. Mwenyeji anayeweka dhifa ya saa nne jioni hii, yaani 22:00, amewaandalia wageni usingizi wa mezani. Chakula chepesi, funguo za vyumba, karatasi moja yenye namba mbili za simu za dharura, basi yatosha.

Siku ya 2: Ukumbi wa mji

Bendera zimesimamishwa tangu alfajiri. Bendera za mataifa ziwe za ukubwa mmoja, kwa urefu mmoja wa mlingoti. Taifa moja halipepei juu ya jingine wakati wa amani. Zikiwa nyingi hupangwa kwa alfabeti, na hapo swali ni alfabeti ya lugha gani. Nchi moja huitwa Ujerumani, Germany na Deutschland: U, G, D. Wakubaliane kwa barua, siyo chini ya mlingoti.

Hotuba. Ukalimani wa mfuatano, yaani msemaji anasema na kunyamaza kisha mkalimani anafasiri, huongeza muda maradufu. Hotuba ya dakika 10 ni dakika 20 za watu kukaa. Msemaji mzuri husema sentensi mbili au tatu, akasimama. Msemaji mbaya husoma kurasa mbili mfululizo, akamgeukia mkalimani na kutabasamu. Vichekesho vya kuchezea maneno viachwe nyumbani, na methali zifike kwa maandishi siku moja kabla: mkalimani akipewa "haba na haba hujaza kibaba" papo hapo, ataikimbilia tafsiri ya maneno na kuacha maana nyuma. Kwa ukalimani wa sambamba, ule wa kibanda na visikizi, wahitajika wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30. Akili ya mmoja huanza kuteleza baada ya hapo, na yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kugundua.

Hotuba za siku hii hupenda historia, na historia ipo ya kutosha bila kutia chumvi. Toledo ya Ohio ilifunga uhusiano na Toledo ya Hispania 1931. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanawake 830 wa Coventry, Uingereza, walitarizi majina yao kwenye kitambaa cha meza, wakakituma Stalingrad, mji wa Urusi uitwao leo Volgograd, pamoja na mchango wa fedha. Uhusiano wa miji hiyo ulifungwa 1944, vita vikiendelea. Ludwigsburg na Montbéliard, mji wa Ujerumani na wa Ufaransa, zilishikana mikono 1950, miaka mitano tu baada ya bunduki kunyamaza. Saint Paul ya Minnesota na Nagasaki zilifuata 1955, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower akaitisha mkutano wa White House uliozaa harakati za miji dada za Marekani. Kwetu, Mwanza na Würzburg ni ndugu tangu 1966, Dar es Salaam na Hamburg tangu 2010, Zanzibar na Potsdam tangu 2017.

Jina lenyewe la undugu huu hubadilika kila mpaka. Wafaransa husema pacha. Warusi hutumia neno la ndugu wa kuapishana, yule ambaye sisi tungemwita ndugu wa kuchanjiana. Wachina huandika "miji marafiki", kwa kuwa katika lugha yao huwezi kusema dada bila kusema nani mkubwa na nani mdogo. Kiswahili nacho, ukikisikiliza vizuri, kina tatizo hilohilo: dada kwa wengi wetu ni yule aliyetutangulia kuzaliwa. Kwa hati ya miji miwili yenye wivu, "miji rafiki" ni salama zaidi.

Zawadi hubadilishwa mwishoni, moja kwa moja, na zinaandikwa kwenye rejesta siku hiyohiyo. Ziwe nyepesi na zisizovunjika. Saa ya ukutani usimpe Mchina: "kutoa saa" kwa lugha yake husikika kama kumsindikiza mtu kaburini.

Siku ya 3: Meza za kazi

Hii ndiyo siku inayostahili muda, na ndiyo ambayo ratiba nyingi huipa saa moja na nusu kati ya dhifa mbili. Apewe kila fundi siku nzima. Utaratibu unaofaa: maswali matatu yaliyoandikwa na kutumwa wiki tatu kabla, meza ya watu wasiozidi sita, kikao cha dakika 90, kisha wote watoke ofisini waende bohari, karakana na kituo. Watu wa kazi moja huelewana haraka mbele ya mashine. Mbele ya slaidi hupiga miayo.

Zimamoto. Kuna zawadi maarufu katika uhusiano wa miji: gari la zimamoto lililokwishatumika. Linafika bandarini likiwa jekundu na safi, linapigwa picha, kisha siku ya moto halivuti maji. Sababu ni chuma cha ukubwa wa kiganja. Ujerumani hutumia viungio vya Storz, ambavyo havina dume wala jike: pande zote mbili zinafanana, unazikutanisha na kuzungusha. Mpira wa maji wa saizi C ni wa milimita 52, wa saizi B ni milimita 75. Uingereza na nchi nyingi zilizorithi viwango vyake hutumia kiungio cha dume na jike kinachobana kwa kusukumwa, cha inchi 2½. Marekani ni parafujo, na Ufaransa na Urusi zina vyao. Gari la Storz mbele ya bomba la mtaani la kiwango cha Uingereza ni kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba ya jirani.

Dawa yake ni adapta, nayo ni rahisi kuliko rangi ya gari. Lakini lazima mtu apime kwanza. Kwenye meza hii ofisa anakuja na picha za kila kiungio cha kituo chake, rula ikiwa imewekwa kando, na kipenyo cha ndani kwa milimita. Kwa kila gari ziagizwe adapta za kuvuta maji na za kutoa maji, na seti moja ya akiba, kwa kuwa ndivyo vitu vinavyoachwa barabarani usiku wa tukio. Hapohapo waulizane mengine matatu: usukani uko upande gani na sheria ya nchi inauruhusu, spea za pampu na mipira ya muhuri zinapatikana wapi, na nani atalipia mafunzo ya madereva. Majibu yakikosekana, gari libaki lilipo.

Umeme huleta msiba unaofanana na huo. Mtu anapokea pampu ya volti 230 na hezi 60 (hezi ni mizunguko kwa sekunde), anaifunga kwenye gridi ya hezi 50, anaambiwa transfoma itatatua. Transfoma hubadilisha volti, haigusi hezi. Mota iliyokuwa ikizunguka mara 3,450 kwa dakika inashuka hadi karibu 2,875, yaani sehemu tano ya sita, na kwa volti ileile huelekea kupata moto zaidi. Shinikizo la pampu hufuata kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo hubaki kama asilimia 69. Maji yaliyokuwa yakifika ghorofa ya sita yanaishia ya nne, na mtu wa tano na wa sita anaamini pampu ni mbovu.

Meza ya taka ni fupi, ila ina somo gumu. Katika nchi za kipato cha juu mabaki ya chakula na majani ni kama theluthi moja ya taka za mji. Katika nchi za kipato cha chini ni zaidi ya nusu. Gari la kushindilia taka limebuniwa kwa maboksi na plastiki, vitu vyenye hewa ndani. Likipakiwa taka mbichi zenye maji, hakuna cha kushindilia. Ekseli inalemewa kabla sanduku halijajaa na maji machafu yanachirizika njia nzima. Kabla ya kuzungumzia magari, mji uende kwenye mizani kwa wiki moja: uzito wa kila safari, ujazo wake, na sampuli iliyochambuliwa kwa mkono. Karatasi hiyo ya namba ina thamani kuliko lori.

Kila meza inaondoka na ukurasa mmoja wenye safu tatu: jambo, nani, lini. Safu ya "nani" iandikwe jina la mtu na namba yake. Ukiandika "idara", hujamwandika mtu.

Siku ya 4: Shule

Mwalimu amekuja na michoro 40 ya watoto, yote kwenye karatasi za A3. Ukubwa mmoja hurahisisha fremu, bahasha na bima. Nyuma ya kila mchoro imeandikwa jina la kwanza, umri na kichwa cha mchoro kwa lugha mbili, kwa penseli; kalamu ya wino hupenya upande wa pili. Rangi za maji na za kalamu hupauka kwa mwanga, kwa hiyo ukumbini taa ziwe karibu lakisi 50 (lakisi ni kipimo cha mwanga) na michoro isitundikwe mkabala na dirisha. Mwenyeji hupiga picha kila karatasi inapofika na inapoondoka. Mtoto aliyechora anataka mchoro wake urudi, na hilo huwa la mwisho kukumbukwa.

Mazungumzo ya video kati ya madarasa hufa mwezi wa tatu tangu yaanze, karibu kila mahali, na chanzo ni kengele ya shule. Tofauti ya saa inapokula dakika 40 za kipindi, mwalimu mmoja hubaki na watoto baada ya masomo, mara ya kwanza kwa furaha, mara ya nne kwa kisirani. Video fupi za dakika tatu zilizorekodiwa na kutumwa hudumu zaidi. Kila darasa linajibu kwa wakati wake.

Wanafunzi watakapokuja wenyewe, familia za kuwapokea zikaguliwe nyumbani na rekodi zao za makosa ya jinai ziombwe polisi. Mtoto awe na kitanda chake. Fomu moja itaje mzio, dawa na nani anayeruhusiwa kusaini hospitalini. Watu wazima wawe angalau wawili, mwanamke na mwanamume, na asiwepo mtoto aliyepangiwa familia yake peke yake bila mwenzake kuwa mtaa wa karibu. Barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili, iliyothibitishwa na wakili, huombwa na maofisa wa uhamiaji wa nchi nyingi. Ridhaa ya picha ni karatasi nyingine kabisa.

Siku ya 5: Mazoezi na onyesho

Wanamuziki watano wa msafara na wanane wa mji mwenyeji wana wimbo mmoja wa pamoja, dakika sita. Mmoja unatosha. Wanaopanga nyimbo tano za pamoja hupata tano mbovu.

Tatizo la kwanza ni sauti ya msingi. Orkestra moja hupima noti ya A kwa hezi 440, nyingine 442. Zikipigwa pamoja zinatoa mawimbi mawili kwa sekunde, uu-uu-uu, ambayo sikio la kawaida huyasikia bila kujua ni nini. Marimba na zilofoni haziwezi kukazwa wala kulegezwa jukwaani, kwa hiyo ala za nyuzi ndizo zinazozifuata. Ala ya jadi yenye skeli yake isiyolingana na piano isilazimishwe; ipewe nafasi ya kupiga yenyewe, wenzake wakishika mdundo au sauti za kuitikia. Mara nyingi hicho ndicho kipande watu wanachokikumbuka.

Tatizo la pili ni ngozi. Ukumbi wenye kipasha joto una hewa kavu. Ngozi ya ngoma inakaza, sauti inapanda, na ngoma iliyowekwa karibu na kipasha joto inaweza kupasuka kwa mlio mmoja. Ukumbi wenye unyevu unailegeza hadi ipige kama boksi. Nyumbani tungewasha moto wa majani makavu; ndani ya ukumbi moshi huo utaita zimamoto, wale wa juzi. Kikausha nywele hufanya kazi, kikishikwa umbali wa mkono na kuzungushwa polepole kutoka ukingoni kuelekea katikati. Dakika mbili, kisha gonga na usikilize, kisha mbili tena. Ukiharakisha, kingo zinakauka kabla ya katikati na ngoma inatoa sauti mbili.

Mazoezi yawe mara mbili, saa moja na nusu kila moja, halafu dakika 45 za kupima vipaza sauti. Orodha ya nyimbo na watunzi iwasilishwe kwa chama cha hakimiliki cha nchi mwenyeji; ada hulipwa na mwenye ukumbi au mwandaaji. Wachezaji wanaocheza peku wakague mbao za jukwaa kwa kiganja kabla ya kupanda. Vibanzi havionekani kwa taa za jukwaani.

Siku ya 6

Hakuna ratiba. Mratibu na mkalimani wanapitia hati. Wengine wanalala, wananunua vitu, wanaonana na wenzao wa juzi bila kiongozi kuwepo. Mwenyeji asijaze siku hii kwa jumba la makumbusho.

Siku ya 7: Kusaini

Kusaini kumewekwa karibu na mwisho makusudi. Hati ikisainiwa siku ya pili, viongozi hupunguza mwendo na meza za kazi hubaki na viti vitupu. Tena yale yaliyokubaliwa siku ya tatu hayawezi kuingia ndani yake.

Meza ni moja, viti viwili, wageni kulia kwa mwenyeji. Juu yake kuna majalada mawili, na ndani ya kila jalada matini kwa lugha zote mbili. Nakala hizo mbili hazifanani kabisa, na hapa ndipo waandaaji wapya hujikwaa. Katika nakala inayobaki kwa mji A, jina la mji A hutangulia kwenye kichwa na sahihi yake hukaa kushoto. Katika nakala ya mji B mpangilio hugeuka. Ukichapa moja na kuirudufu, mmoja ataondoka na karatasi inayomtaja wa pili nyumbani kwake mwenyewe.

Nyuma ya kila mtia sahihi amesimama msaidizi. Anafungua ukurasa, anaonyesha mahali kwa kidole bila kugusa karatasi, anashikilia karatasi ya kufyonza wino. Anahesabu hadi tano. Wasaidizi wanachukua majalada, wanapishana nyuma ya viti, wanaweka mbele ya yule mwingine. Sahihi ya pili. Ndipo watia sahihi wenyewe wanabadilishana majalada kwa mkono wa kushoto na kupeana mkono wa kulia. Kalamu zilijaribiwa asubuhi kwenye karatasi ya aina hiyohiyo, na kila msaidizi ana mbili mfukoni. Karatasi zenye utando wa kung'aa hukataa wino wa kalamu nyingi. Hili halijulikani mpaka kamera ziwe zinawaka.

Ndani ya hati: maeneo ya ushirikiano yasiyozidi manne, kamati ya kila upande yenye watumishi wa kudumu na raia, muda wa miaka mitatu hadi mitano, tathmini kila mwaka, mgawanyo wa gharama, notisi ya miezi sita kwa anayetaka kujitoa, na kifungu kwamba matini zote mbili zina uzito sawa. Nchi nyingi hutaka wizara ya mambo ya nje ione rasimu kabla.

Maneno ya siasa ya mataifa yapimwe kwa mizani ya dhahabu. Prague na Beijing zilisaini 2016 hati yenye kifungu kuhusu China moja, yaani kwamba Taiwan ni sehemu ya China. Uongozi mpya wa Prague ukaomba kifungu kiondolewe, na 2019 uhusiano ukavunjika. Osaka na San Francisco zilikuwa dada tangu 1957. Osaka ilijitoa 2018 kwa sababu ya sanamu ya kuwakumbuka wanawake waliotumikishwa kingono na jeshi la Japani, iliyowekwa San Francisco. Miaka 61 ilikatwa kwa barua. Hati kubwa ikikatwa hivyo, shule na vikundi visivyo na mkataba wao wenyewe hukosa cha kushikilia, na ndiyo sababu inafaa shule na shule, zimamoto na zimamoto, ziwe na hati zao fupi, kando ya ile kubwa.

Siku ya 8: Kuondoka

Kikao cha majumuisho, 08:00 hadi 09:30, kabla ya mabegi kushuka. Kurasa za meza zote zinasomwa kwa sauti, na kila aliyetajwa anasema ndiyo au anabadilisha tarehe. Asiyekuwepo anaondolewa kwenye safu ya "nani". Uwanjani, ATA Carnet inagongwa mhuri kabla ya kukabidhi mizigo, kwa kuwa ofisa wa forodha ana haki ya kutaka kuona ngoma yenyewe, nayo ikishapita kwenye mkanda haionekani tena. Mizigo sasa ni 33.

Siku ya 2 baada ya kurudi

Kurasa zile zinatumwa kwa pande zote mbili ndani ya saa 48, pamoja na orodha ya majina, vyeo na anwani za barua pepe za kazi. Ripoti ya kurasa 30 inaweza kusubiri. Posho zinafungwa kwa risiti. Mkaguzi wa hesabu ataanza na msafara huu.

Siku ya 30 baada ya kurudi

Mratibu anapiga simu, haandiki, kwa kila jina lenye tarehe iliyopita. Ofisa wa zimamoto anaulizwa vipimo vya viungio vimetumwa au bado, mwalimu anaulizwa michoro iko wapi. Mtu mmoja kati yao atakuwa amehamishwa kituo, ndivyo watumishi wa umma walivyo, na jina la mrithi wake linaingizwa leo kwenye orodha za miji yote miwili. Ziara ya kurudisha imepangwa mwezi wa tano kutoka sasa. Majina ya wageni hao yaombwe wiki hii, kama yalivyo kwenye pasipoti.